Barua Yenye Harufu ya Kwetu

Leo naomba tuzungumze juu ya barua. Sisemi ile bahasha yenye kidirisha cha nailoni inayokuletea deni la umeme, wala ile ya benki inayoanza na "Mpendwa mteja" na kumalizia kwa vitisho. Nasema barua hasa: iliyoandikwa kwa mkono, ikabandikwa stempu, ikavuka Likoni kwa feri, ikapanda ndege na kumfikia mtu aliye mbali na kwao.

Nimeitaja Likoni kwa sababu barua ninazozijua vizuri zilitoka kusini mwa feri: Ukunda, Diani, Gazi, Msambweni, Kwale mjini kule juu vilimani, hadi Lunga Lunga na Vanga mpakani. Watu wa upande huo wamezoea tangu zamani kuwa na jamaa ng'ambo. Uarabuni ni njia ya mababu. Kisha hoteli za Diani zilipoanza kujaa wageni miaka ya 1970 na 1980, ikafunguka njia nyingine, ya Ujerumani, Uswisi na Italia. Kijana anaanza kwa kubeba sinia mkahawani, anaokota Kijerumani neno moja moja kwa wageni, na kabla majirani hawajajua kinachoendelea, ameoa na yuko kwenye theluji. Wengine walikwenda masomoni, Madina, Cairo, India, Uingereza. Nyuma yao wote kulibaki mama aliyekaa kibarazani akiuliza kila apitaye kama posta imefunguliwa.

Zamani hizo za mababu barua ilisafiri kwa upepo. Kaskazi ilipovuma, Disemba hadi Machi, majahazi yaliteremka kutoka Maskati na Ghuba. Kusi iliposhika yakarudi. Ukimpa nahodha barua yako aende nayo Uarabuni, jawabu uliingoja mpaka msimu ugeuke. Na tusidhani ati kuandikiana ni jambo tuliloletewa na Mzungu pamoja na stempu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na hadi leo zimehifadhiwa Goa, India. Zaidi ya miaka 300! Wazee wengi wa pwani waliendelea kuandikiana kwa herufi hizo hata baada ya shule kutufundisha a-e-i-o-u.

Lakini mama zetu wengi hawakupata kwenda shule. Kwa hiyo barua ya kwenda ng'ambo iliandikwa na mtoto wa darasa la sita au la saba mwenye hati nzuri, na si lazima awe wa nyumba ile. Mimi nilikuwa mmoja wa makarani hao. Malipo yalikuwa muhogo wa kuchoma, mara nyingine shilingi, na juu yake siri za mtaa mzima ambazo hukuruhusiwa kutoka nazo mlangoni. Mwandikishaji hukaa mkekani, karani hulala kifudifudi na kalamu yake, na kazi ikaanza.

"Haya, andika. Mwanangu mpenzi, baada ya salamu nyingi kama mchanga wa pwani, nakuarifu kwamba mimi mama yako ni mzima wa afya."

"Lakini nyanya, juzi si ulilazwa hospitali?"

"Hilo umeambiwa uandike?"

"La."

"Basi usiandike. Andika mbuzi kazaa pacha."

Ndivyo zilivyokuwa. Mgonjwa ni mzima, paa linalovuja halitajwi, na mbuzi kazaa pacha. Huko ng'ambo nako kijana anayeosha masufuria usiku kucha alijibu kwamba kazi ni nzuri na wazungu wanampenda. Pande zote mbili zilifichana kwa mapenzi, na pande zote mbili zilijua. Mtu aliyezoea kupokea barua hujifunza kusoma yale ambayo hayakuandikwa. Akiona hati imebadilika, anajua yule mtoto wa jirani amekwenda shule ya bweni. Akiona mstari wa "sote tu wazima" umerudiwa mara tatu, usingizi unaruka.

Karatasi yenyewe mara nyingi ilikuwa aerogramu, ile ya buluu, nyepesi kama ganda la kitunguu, ambayo ni barua na bahasha kwa pamoja. Ilikuwa nafuu, ila sharti lake ni usitie kitu ndani, hata picha ndogo ya pasipoti. Nafasi ikiisha, salamu zilipanda pembezoni na kuizunguka karatasi kama siafu, zikaishia penye gundi. Aliyeifungua kwa pupa aliwapasua mashangazi wawili katikati, kisha akakaa na vipande viwili mkononi akijaribu kujua ni nani aliyeolewa na nani aliyejifungua.

Kwetu tarishi haji mlangoni. Barua huja kwa sanduku la posta, na sanduku moja lilitosha kijiji: la shule, la msikiti, la mwenye duka, la zahanati. Jina lako liliandikwa kwanza, kisha "kwa hisani ya mwalimu mkuu". Tulipopanga mistari Ijumaa, mwalimu alisoma majina ya barua zilizofika, na mtoto aliyekabidhiwa barua ya ng'ambo alitembea kwenda kwao akiwa ameibeba juu kama bendera. Kabla hajafika, mtaa mzima ulikwisha jua. Hakuna aliyepokea barua peke yake. Ilisomwa kwa sauti, ikarudiwa kwa waliochelewa, stempu ikabanduliwa kwa mvuke wa birika na mtoto mwenye daftari la stempu. (Ya Uingereza tuliitambua kwa kuwa haina jina la nchi. Wao walikuwa wa kwanza kutoa stempu, mwaka 1840, na mpaka leo wanatosheka na kichwa cha mfalme au malkia wao.)

Sasa tugeuze upande, tumwendee mpokeaji aliye ugenini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikaa Ujerumani miaka miwili masomoni. Kule kila mtu ana kisanduku chake pale chini mlangoni mwa jengo, kina jina lake na kijifunguo chembamba. Fikiria mwezi wa Novemba: saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia, mvua baridi inanyunya, siku nzima hujasikia neno la Kiswahili hata la matusi. Unainama kuchungulia kwenye mwanya wa kisanduku. Matangazo ya maduka, matangazo ya maduka, kisha pembe ya bahasha yenye mistari myekundu na ya buluu, na maneno Par Avion. (Hicho ni Kifaransa, ndiyo lugha rasmi ya umoja wa posta wa dunia, ulioundwa mjini Bern mwaka 1874.) Moyo unapiga kama ngoma ya sengenya. Hati ile unaijua. Hata kabla ya jina, unaijua kwa jinsi ile herufi ya M ilivyolala.

Watu wawili tofauti waliniambia jambo ambalo nilidhani ni langu peke yangu: hawakuifungua pale pale. Waliipandisha ghorofani, wakaiweka mezani, wakavua koti, wakapika, wakala, huku barua inawatazama. Raha ya kuwa nayo na hujaisoma haina mfano. Kisha unaifungua kwa kisu, polepole, na kwanza unainusa. Karatasi iliyokaa wiki nzima katika nyumba inayopika kwa kuni haisahau. Ina moshi, ina mafuta ya taa, na ikiwa iliandikwa usiku wa kuamkia harusi ina udi. Mtu wa pwani akiweka pua yake pale, yuko kwao kabla hajasoma neno moja.

Ndipo unasoma. Mara ya kwanza kwa kweli husomi, unachungulia msiba. Macho yanakimbia juu ya mistari yakitafuta "tumepatwa", "kudura ya Mungu", "marehemu". Ukifika chini salama, unapumua, unarudi juu na kusoma habari. Mara ya tatu unasoma ili usikie sauti. Habari zenyewe zilikwisha chacha. Barua ilichukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi. Yule mbuzi pacha wake wamekwisha anza kula majani. Haidhuru. Furaha haikuwa katika habari. Furaha ilikuwa kujua kwamba kuna mtu aliyeketi chini saa nzima, akaacha samaki motoni na mboga kikapuni, akawaza juu yako tu.

Vifurushi navyo vina kisa chao. Katika nchi hizo kifurushi kitokacho nje mara nyingine huzuiwa forodhani, nawe huitwa ukakifungue mbele ya afisa. Mimi niliitwa. Afisa akatoa leso moja, viungo vya pilau, ubani, korosho, kisha mfuko wa mabuyu mekundu, yaliyokolea sukari na iliki. Akauliza hiki ni nini. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi minne, nikamwambia ni mbegu za mti mnene. Akauliza zinapandwa? Nikasema zinafyonzwa. Akanitazama, akazitazama, akaita mwenzake. Mwisho niliweka moja mdomoni mwangu mbele yao kama mtu anayekula kiapo, wakaniruhusu. Siku hizi ubuyu umepata heshima: Jumuiya ya Ulaya iliuruhusu rasmi mwaka 2008 kuwa chakula, na unga wake unauzwa katika maduka yao ya afya kana kwamba ni dawa. Laiti ningelikuwa nayo karatasi hiyo siku ile!

Leso nayo ilikuwa barua. Mama asiyejua kuandika alikwenda dukani Ukunda akasomewa majina ya leso moja baada ya nyingine, mpaka akapata yenye neno alilotaka kusema. Yangu iliandikwa, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Hakukuwa na karatasi ndani, na haikuhitajika.

Tena palikuwa na kanda. Hizi zilishamiri zaidi kwa jamaa wa Uarabuni, na mara nyingi hazikupita posta, zilipita mkononi mwa mahujaji au mtu anayerudi kazini. Redio kaseti iliwekwa katikati ya chumba, kitufe chekundu kikabonyezwa, na kila mtu akapewa zamu. Wazee walikohoa kwanza na kuanza kwa bismillahi, watoto walicheka wakasahau la kusema. Lakini waliozipokea walisema kilichowaliza hasa ni yale ambayo hayakukusudiwa: jogoo, mwadhini wa msikiti wa jirani, mchi kwenye kinu, na mtu anayeuliza kwa mbali ni nani aliyechukua mbuzi.

Si kwamba posta haikuwahi kutia watu hofu. Kuna mama mmoja wa karibu na Msambweni, mwanawe alikuwa Ujerumani, naye akahama chumba bila kuacha anwani. Kule jina lako lisipokuwa kwenye kisanduku, barua hairundikwi mlangoni, inarudishwa. Basi baada ya miezi miwili barua ya mama ikarudi mikononi mwake, haijafunguliwa, imegongwa mhuri wa maneno ya Kijerumani. Mama akaketi chini. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja na kukaa mkekani kimya, kama ujuavyo. Mwenye busara mmoja akakumbuka kwamba kuna kijana mhudumu wa hoteli Diani yuko likizo kwao. Akaletwa mbio. Akaisoma, akasema, "Wanasema mwenyewe amehama, hajulikani alikohamia."

"Amehama dunia?" mama akauliza.

"Amehama nyumba, mama. Nyumba tu."

Nasikia siku ile kijana yule alichinjiwa kuku. Mwanawe mama alipoandika mwezi uliofuata na kuleta anwani mpya, jawabu alilopata lilikuwa kali mno, tena karani hakuruhusiwa kupunguza neno.

Kisa kingine ni cha mwenzangu tuliyekuwa naye masomoni, mzaliwa wa upande wa Gazi. Alipigiwa simu usiku kupitia kwa jirani kwamba mamake amefariki na amekwisha zikwa alasiri ile ile, kama ilivyo ada ya Kiislamu. Nauli ya kurudi hakuwa nayo, na hata angelikuwa nayo asingewahi. Tulimkalia tanga pale pale bwenini, watu watano na sufuria moja ya wali. Siku ya kumi na moja alishuka kisandukuni akapanda na barua. Ilikuwa ya mama, imetiwa posta wiki mbili kabla ya msiba. Aliikaza mkononi kwa muda, kisha akaifungua. Hakuna lililotabiriwa humo wala wasia wowote. Mwembe wa nyuma ya nyumba umezaa mpaka matawi yanainama. Dada yake amepata kazi ya kushona. Je, anakula? Mwisho mama aliomba picha yake akiwa amesimama kwenye theluji, "nione kama umekonda."

Alivaa koti, akaniomba nimpige picha nje. Alisimama wima, hakutabasamu. Picha ilipooshwa aliitia kwenye bahasha akampelekea dada yake, na barua ile nimeambiwa anayo mpaka leo.

Sasa najua kuna msomaji kijana anayesema, huyu anatuletea habari za kale, sisi tuna simu. Mimi si adui wa simu. Mama akiugua usiku, simu ni rehema, na mtu aliyewahi kungoja wiki tatu kujua kama mtoto amepona hawezi kuitukana. Fedha vilevile: tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hakuna anayelilia siku za kukunja noti ndani ya karatasi ya kaboni akiomba Mungu isionekane. Hata zile sauti tunazotumiana kwa WhatsApp ni wajukuu wa kanda zetu. Tatizo ni kwamba mjukuu huyu hakai: simu ikianguka baharini au ikiibwa, sauti ya nyanya imekwenda nayo.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Zungumza na Wakenya walio ng'ambo, wafanyakazi wa nyumbani kule Ghuba, wauguzi Uingereza, wapishi Ujerumani, watakuambia kwamba namba ya nyumbani ikitokea kwenye simu, mkono unakwenda mfukoni kabla haujakwenda sikioni. Karo, matanga, bati, hospitali. Haja hizo ni za kweli, silaumu. Ila mtu akipigiwa miaka mitano kwa haja tu, huanza kujiona kuwa yeye ni tawi la benki lililofunguliwa Riyadh. Ndipo anapobadili namba, na nyumbani wakasema amelewa Uzungu. Barua ina adabu yake katika hili. Kwa kuwa inachukua wiki tatu, haifai kwa ombi la dharura. Inafaa kwa mwembe na mbuzi. Inamwambia aliye mbali kwamba kuna watu wanaotaka tu kujua kama amekonda.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi uliye Nairobi au Mombasa na una binamu, shangazi au kaka ng'ambo, una karatasi na kalamu, na likizo yenyewe ni ndefu. Usiandike uliyokwisha mwambia kwenye simu. Mwandikie nani amepaka nyumba rangi mbaya, mti gani umeanguka, mzee gani bado anagombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Mpe nyanya nafasi aseme mistari miwili kwa maneno yake, nawe usimsahihishe Kidigo chake wala Kiswahili chake. Acha karatasi jikoni usiku mmoja.

Anayepelekewa Ujerumani, hakikisha jina unaloandika ndilo lililo kwenye kisanduku chake. Kama anakaa kwa mtu, liandike na la mwenye nyumba. Anayepelekewa Ghuba, muulize kwanza sanduku la nani litumike, maana mara nyingi ni la mwajiri, na kuna mambo hutataka mwajiri ayaone. Nyuma ya bahasha andika anwani yako kamili pamoja na namba za posta, ambazo watu huzisahau: Ukunda ni 80400, Diani Beach 80401, Kwale 80403, Msambweni 80404. Hiyo ndiyo njia ambayo jawabu litarudi.